Tunawapoza wageni, lakini tunawalaza katika unyevu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalowahusu wenzangu wenye nyumba za kulala wageni, wageni wenyewe, na maofisa wa afya wanaokuja kutukagua. Ninaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba 9 hapa Ngamiani, Tanga. Kabla ya kuifungua nilifanya kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli za pwani kwa miaka 18, nikaanza kama mtandika vitanda na kumaliza kama msimamizi wa zamu. Kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona kwa macho na kuyagusa kwa mikono, na baadhi yake nimeyakosea mwenyewe kabla sijayaelewa.

Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na ng'ambo Unguja na Pemba, tumelishughulikia joto la chumba cha mgeni tukasahau unyevu wake, na kwa namna tunavyolishughulikia joto hilo mara nyingi tunauzidisha unyevu. Mgeni anayepiga simu huuliza kama kuna kiyoyozi. Sijawahi kumsikia anayeuliza kama chumba ni kikavu. Nasi tunamjibu kwa kufunga mashine kubwa, kuziba matundu ya hewa na kumkabidhi rimoti, tukihesabu kwamba wajibu wetu umekwisha.

Mimi nilifumbuliwa macho na chumba changu namba 4. Ilikuwa mwezi Machi mwaka jana, kaskazi imeishiwa nguvu na kusi bado haijaanza kuvuma, zile siku za fukuto ambazo hata kuti la mnazi halitikisiki. Mama mmoja alikuja na mwanawe wa miaka kama sita kwa ajili ya harusi ya ndugu yao. Asubuhi ya pili alinifuata jikoni akaniambia kwa upole, "Dada, samahani, chumba kina baridi nzuri, lakini mtoto amekohoa usiku kucha, na mto unanuka uvundo." Nikamwambia, "Pole sana, mama, ngoja nikaangalie," nikaenda nikiwa na hakika kwamba chumba hakina kasoro, kwa kuwa nilikuwa nimekikagua mwenyewe siku aliyoingia.

Nilipoinua godoro nilikuta upande wa chini umetapakaa madoa meusi, madogo kama punje za ufuta, yamepangika kwa kufuata mistari ya chaga za kitanda. Nikalisogeza kabati kutoka ukutani. Nyuma yake rangi ilikuwa imeota koga ya kijivu, laini kama unga, na ukuta ulikuwa wa baridi na umelowa kidogo, kama ngozi ya mtu aliyetoka jasho. Kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka maji kwa nje. Kiyoyozi kilikuwa kimewekwa nyuzi 16, na chini ya mlango, mahali penye uwazi wa kupitisha vidole viwili, hewa ya ukumbini ilikuwa inaingia, nikaihisi miguuni. Chumba hicho kilikuwa kikidekiwa kila siku, shuka zikibadilishwa bila kukosa, na jioni wahudumu walikuwa wakipitisha chetezo cha udi ili mgeni akute harufu nzuri. Hilo la udi ndilo linaloniuma zaidi hadi leo. Bibi zetu walifukiza nguo zilizokwisha kukauka juani. Sisi tulikuwa tunaufukizia ukuta uliolowa, tukiuficha uvundo ambao ungetuonya mapema.

Nilimhamishia mama yule chumba namba 7, ambacho hakina kiyoyozi bali kina pangaboi na madirisha mawili yanayotazamana, na usiku huo mtoto alilala. Mimi si daktari na sidai kujua kilichomkohoza. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2009 mwongozo mzima kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likieleza kwamba watu wanaokaa katika majengo ya namna hiyo wanapata zaidi maradhi ya njia ya hewa na pumu zao huzidi. Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huishi ndani ya magodoro na mito na kinyesi chao huwasha pumu, nao hustawi pale hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Mgeni mwenye pumu anayelala kwangu ameniamini kwa pumzi zake, na mimi sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja katika miaka 18 ya kutandika vitanda.

Kinachotokea chumbani kinaeleweka kwa kuitazama bilauri ya maji ya barafu iliyowekwa juu ya meza. Hewa hubeba maji tusiyoyaona, na kadiri inavyokuwa ya joto ndivyo inavyoweza kubeba mengi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke; ikipozwa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi, na kinachozidi lazima kitue mahali. Tukisema unyevu wa hewa ni asilimia 80 tunamaanisha kwamba hewa imebeba sehemu 80 katika kila 100 za kile inachoweza kubeba kwa joto lile. Chukua basi jioni ya Machi hapa Tanga, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80: kila mita ya ujazo ina gramu kama 24 za maji, na kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 26 kikiguswa na hewa hiyo kitatoka jasho kama ile bilauri. Godoro, ukuta wa nyuma ya kabati, viatu vya mgeni, shuka zilizokunjwa rafuni, vyote hivyo tukivipoza hadi nyuzi 18 kisha hewa ya nje ikapata upenyo, hewa hiyo itaushusha mzigo wake juu yao. Mgeni anayefungua dirisha kidogo ili apate hewa huku kiyoyozi kinafanya kazi anadhani anakisaidia chumba kupumua, kumbe anakilowesha, na wala si kosa lake, kwa sababu hakuna aliyemweleza.

Kiyoyozi chenyewe, kikitumiwa vizuri, ni mashine ya kukausha hewa. Ndani yake mna koili baridi, hewa ya chumba inapopita hapo huacha maji, maji hudondokea kwenye kisinia na kutoka nje kwa mpira. Ili nijue kiasi chake, usiku mmoja niliweka ndoo chini ya mpira wa chumba namba 4, na asubuhi nikapima lita 7. Nilishangaa, nikakaa chini na karatasi. Chumba kina upana wa mita 3, urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2.8, hivyo hewa yake yote, hata ikiwa imebeba zile gramu 24 kwa kila mita ya ujazo, haifikishi lita moja ya maji. Watu wawili wakilala saa 8 hutoa kwa pumzi na ngozi zao kiasi cha nusu lita au zaidi kidogo. Maji ya kuoga huongeza chake. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa imeingia kutoka nje: chini ya mlango, pembeni mwa fremu ya dirisha, na kwenye tundu la mabomba ambalo fundi aliliacha wazi nyuma ya mashine. Uniti za LUKU nilizokuwa nikinunua kila baada ya siku chache zilikuwa zinakwenda kukausha hewa isiyo na mwisho. Niliziba tundu lile kwa saruji, nikafunga kipande cha mpira chini ya mlango, na kazi hiyo haikuchukua hata nusu siku.

Mpira huo wa maji nao una mambo yake. Pita uchochoro wowote nyuma ya gesti zetu utaona mistari ya kijani ukutani, mahali mipira inapodondoshea maji chini ya dirisha, miaka nenda miaka rudi. Maji yale yale tuliyoyatoa chumbani kwa gharama ya umeme yanaunywesha msingi na ukuta, yanapanda ndani ya tofali na kurudi chumbani kupitia lipu. Mpira upelekwe kwenye mfereji au karo, basi.

Sasa nije kwenye nyuzi 16, maana hapa tunapotezana wengi. Kwa mashine za kawaida, zisizo za inveta, yaani zisizoweza kubadili kasi ya kompresa (ile pampu ya gesi ya kupozea), kuweka 16 hakupozi chumba kwa haraka kuliko kuweka 24. Kompresa hufanya kazi kwa nguvu ile ile, tofauti ni kwamba inachelewa kukata. Kinachoharibu zaidi ni ukubwa wa mashine. Chumba cha mita za mraba 12 kinatoshwa na kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), lakini mimi nilishauriwa na kuuziwa cha 18,000 kwa hoja kwamba kikubwa ndicho bora. Mashine kubwa katika chumba kidogo huipoza hewa kwa dakika chache, kompresa inakata kabla maji hayajatolewa ya kutosha, na feni inaendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa, hivyo maji ambayo hayajatiririka yanarudi hewani. Mgeni anapata baridi yenye maji, ile inayogandisha shuka mwilini, na kwa kuwa bado hajisikii vizuri anazidi kushusha nyuzi. Mashine ndogo inayofanya kazi muda mrefu bila kukatakata hukausha vizuri zaidi na hula umeme kidogo zaidi. Ningejua hayo kabla, ningenunua mbili za 9,000 kwa pesa niliyolipia ile moja.

Katika rimoti nyingi kuna alama ya tone la maji karibu na ile ya theluji. Niliwauliza wenzangu kadhaa wenye gesti ni ya nini, wengi hawakujua, na hata mimi nilikaa nayo miaka bila kuigusa. Ukiibonyeza, mashine hupunguza kasi ya feni ili hewa ikae zaidi kwenye koili na kuacha maji, bila kukazana kushusha nyuzi. Usiku wa masika, ambapo joto si kali lakini kila kitu kina unyevu hata chumvi mezani inayeyuka, tone hilo linamfaa mgeni kuliko theluji.

Nilinunua kipima unyevu kidogo, cha kusoma nyuzi na asilimia kwa tarakimu, kwa bei isiyofikia ya jozi ya shuka nzuri. Nikakiweka juu ya meza ya kitanda cha chumba namba 4. Mashine ikiwa 16, kompresa ikiwaka na kukata, kilisoma asilimia 71 baada ya saa moja. Kesho yake jioni, mpenyo wa mlango umezibwa, mashine imewekwa 25 na feni yake polepole, pangaboi likizunguka kwa namba ya chini, kilisoma 58. Nikakaa kitandani kusikiliza mwili wangu. Sikuona joto. Upepo wa pangaboi unaopita juu ya ngozi humfanya mtu ajisikie kama hewa imepoa kwa nyuzi mbili au tatu, na pangaboi lenyewe linatumia wati 60 au 75 tu, wakati kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia kiasi cha wati 1,000 kompresa inapokuwa inafanya kazi. Wataalamu wa majengo hupendekeza unyevu wa ndani usizidi asilimia 60, na sasa najua kwamba hata hapa Tanga inawezekana, bila kununua mashine mpya.

Baada ya hapo nilianza kutazama kila tunachokifanya chumbani kwa jicho la maji, nikagundua kwamba sisi wa usafi ndio tunaoyaleta kwa ndoo. Tulikuwa tunadeki kwa dekio lililojaa maji, kisha tunafunga madirisha na mlango ili vumbi lisiingie, na maji yote yale ya sakafuni yanakwenda hewani na kuingia godoroni. Tulikuwa tunaacha taulo mbichi nyuma ya mlango kwa sababu mgeni anakaa siku mbili. Mlango wa bafu ulikuwa wazi mchana kutwa. Na magodoro yalikuwa bado yamevaa nailoni za dukani, eti yasichafuke, kumbe jasho la mgeni linanaswa kati ya nailoni na shuka na halina pa kutokea. Nailoni zote nimezitoa. Sasa dekio linakamuliwa hadi lisidondoke, taulo zinaanikwa uani, kila bafu lina feni ndogo ya kutolea hewa inayowaka pamoja na taa, na kila godoro linasimamishwa juani angalau mara moja kwa wiki wakati jua lipo. Kitanda chenyewe kimeachana na ukuta kwa upana wa kiganja, na kabati vivyo hivyo.

Kanuni tuliyojiwekea kuhusu madirisha ni kwamba chumba ama kifunguliwe au kipozwe, visichanganywe. Mgeni akitoka, mhudumu anazima kompresa na kuacha feni ya mashine ipulize robo saa ili koili na kisinia vikauke, maana mashine inayozimwa ikiwa imelowa ndiyo inayoota koga ndani, na mgeni anayefuata ndiye anayepuliziwa. Kisha madirisha yote yanafunguliwa, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni jua linapokuwa limepasha kuta, na hayafungwi hadi mgeni anaporudi. Chujio la kiyoyozi linaoshwa kila baada ya wiki mbili. Siku fundi alipofungua ile mashine ya chumba namba 4 alinitolea kwenye kisinia utelezi mweusi, mzito kama uji ulioungua, uliokuwa umeziba tundu la maji. Nilimwomba auache kwenye karai, nikawaita wahudumu wote waje waone.

Najua kwamba si kila mwenye gesti amejenga mwenyewe, wengi tumekodi au kurithi, lakini wanaojenga sasa nawaomba wafikiri kabla hawajamwaga zege. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yamependwa kwa kuwa yanang'aa, ila dirisha la namna hiyo hufunguka nusu tu, kwa sababu kipande kimoja hujificha nyuma ya kingine. Ukiongeza wavu wa mbu uliojaa vumbi na grili, upepo unaobaki ni wa kuhesabu. Luva za zamani zilikuwa zinafunguka zote. Matofali ya matundu yaliyokuwa juu ya milango na chini ya dari tumeyaziba tulipofunga viyoyozi, na vyumba ambavyo umeme ukikatika vilikuwa vinavumilika sasa vinageuka tanuri. Nimelala katika hoteli moja ya jiji kubwa ambayo dirisha la chumba halikuwa na kitasa kabisa. Umeme ulikatika saa saba usiku, na hadi alfajiri tulikuwa tumekaa kwenye ngazi na wageni wenzangu, watoto wamevuliwa nguo kwa jasho.

Waliotutangulia walilijua hili kwa uzoefu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi cha nusu mita, dari za juu juu ya boriti za mikoko, na ua katikati ili hewa ya moto ipate pa kupandia. Chokaa hunywa unyevu na kuutoa taratibu. Sasa baadhi ya nyumba hizo zimefanywa za wageni, na mwenye nyumba anapoona lipu inabanduka humwita fundi apige saruji na kumalizia kwa rangi ya mafuta. Maji yaliyo ndani ya jiwe yanakosa njia, chumvi inasukuma kutoka ndani, na baada ya misimu michache lipu mpya inadondoka kwa mapande huku chumba kikinuka. Sitamani turudi kulala bila feni, na nyumba zile nazo zina mbu na giza lake. Nasema tu kwamba ukuta wa chokaa urudishiwe chokaa.

Wenzetu wa milimani wana shida yao. Nilikaa Lushoto siku nne mwezi Julai, mahali palipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na blanketi nililojifunika lilikuwa na ubaridi wa maji, kwa kuwa chumba kilifungwa mchana kutwa kuzuia ukungu na hakikupata jua. Ofisi ya nyumba hiyo, kwa wema kabisa, iliniuliza kama niletewe jiko la mkaa chumbani. Nilikataa, na ninaomba wenye nyumba za wageni huko Usambara, Njombe na kwingineko kwenye baridi wasimwekee mgeni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hata kwa dakika 10, kwa maana hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na aliyelala haamki. Blanketi nzito iliyoanikwa juani na chupa ya maji ya moto vinatosha.

Nirudi pwani nimalizie na maofisa wetu. Bwana Afya anapokuja kwangu hutazama vyoo, shuka, vyandarua, kunguni, na maji ya kunywa, nami namshukuru, maana ukaguzi huo umezisafisha gesti nyingi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, hotelini na kwangu, sijamwona mkaguzi aliyeinua godoro kutazama chini yake, aliyefungua mfuniko wa kiyoyozi, au aliyesogeza kabati. Tunayo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ambayo chini yake nyumba za malazi hupangiwa madaraja. Kiyoyozi kuwepo ukutani kinahesabiwa kuwa ni sifa ya chumba. Kama kinampulizia mgeni koga, ni sifa ya nini?

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Mkaguzi atembee na kipima unyevu mfukoni, akipime chumba chenye kiyoyozi kikiwa kimepozwa kama mgeni atakavyokikuta, na aandike asilimia anayoisoma pamoja na hali ya chini ya godoro na nyuma ya kabati. Chumba cha pangaboi kisipimwe kwa kiwango hicho hicho, kwa sababu kipimo cha hewa kitafanana na cha nje na mwenye nyumba ataonewa bure. Huko inatosha kutazama kama madirisha yanapitisha upepo na kama kuna koga. Vyuo vinavyofundisha usafi wa vyumba, ambavyo huwafunza vijana kukunja pembe ya shuka kwa ustadi mkubwa, viwafunze pia kusoma kipima hicho na kujua ni saa ngapi dirisha lifunguliwe.

Ndugu Mhariri, masika hayako mbali, na mwezi wa tano ndio wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu. Ningependa ofisa wa afya wa halmashauri yoyote ya pwani anijibu kupitia ukurasa huu huu: fomu ya ukaguzi wa nyumba za kulala wageni ina mstari wa unyevu na koga? Na ikiwa haina, ni ofisi gani yenye mamlaka ya kuuongeza, ili mimi na wenzangu tuipelekee maombi yetu kwa maandishi kabla mvua hazijaanza?

Wako,
Mwenye nyumba ya wageni,
Ngamiani, Tanga.